Maboksi Kumi Yasiyoonekana

Watu wa machimboni walimwita Mama Kipimo, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka kumi na moja alivunja mawe kwa nyundo kama wenzake, amekaa juu ya gunia, miguu ameinyoosha, kidole cha shahada amekiviringishia kipande cha mpira wa baiskeli ili nyundo ikikosa jiwe isimalizie hasira hapo. Siku moja mpimaji wa wakati ule, mzee mwenye haraka zake, alimwandikia maboksi manne. Yeye akasema ni matatu na nusu. Mzee akamwambia anyamaze, riziki haikataliwi. Hakunyamaza. Wenzake walimcheka siku nzima, wakasema darasa la tano limemharibu, afadhali angeishia la pili. Lakini mzee alipoacha kazi na akatakiwa mtu wa kushika boksi, hakuna aliyetaja mwingine. Mtu anayejipunja mwenyewe kwa ajili ya nusu boksi, walisema, hawezi kumwibia jirani.

Boksi lenyewe ni mbao nne zilizopigiliwa misumari, halina chini wala juu. Urefu wake mita moja, upana mita moja, kimo nusu mita. Linawekwa mahali tambarare mbele ya mvunjaji, linajazwa kwa makarai, kisha Mama Kipimo anapitisha ubao juu yake kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ili kilichozidi kianguke na palipo na shimo pajazwe. Halafu yeye na mwenzake wanashika mikono ya boksi, wananyanyua, na kokoto zinabaki chini zimejitawanya. Wapakiaji hawangoji. Wanazizoa papo hapo kwa mabeleshi na kuzitupia garini, na boksi linahamia kwa mwingine. Kwa hiyo kinachobaki kama ushahidi ni chaki tu: kila boksi likinyanyuliwa, unachorwa mstari mmoja kwenye kipande cha bati. Mistari minne, wa tano unaikata. Mtu akikosea mstari, jiwe haliwezi kuja kumsahihisha, limeshakwenda.

Aliyechora mistari ni binti yake, mtoto wake wa mwisho, mwenye miaka ishirini na mbili. Kaka zake wawili walikwenda kufanya kazi mbali. Baba yao alikwisha kufa. Akabaki yeye na mama, na shangazi aliyeishi jirani, dada wa marehemu, ambaye naye alikuwa mvunjaji mawe na ulimi wake ulivunja zaidi ya nyundo yake.

Mama Kipimo alikuwa mtu wa wasiwasi. Mlango akiufunga huutikisa mara mbili, akifika njiapanda hurudi kuutikisa mara ya tatu. Binti akikohoa asubuhi, yeye hula chakula cha mchana kwa shida. Na akimpa mtu kazi, macho yake huifuata hiyo kazi kama kuku afuataye vifaranga. Hakuwa na ubaya. Aliona tu kwamba dunia imejaa mashimo, na kwamba mashimo humngoja yule aliyegeuza uso.

Oda iliyoleta mambo ilitoka kwenye jengo la ghala, mwendo wa nusu saa kutoka machimboni. Fundi mkuu wa pale, mtu mrefu, mwenye penseli sikioni na tepu kiunoni, alikuja mwenyewe. Sakafu yake, alisema, ilikuwa na urefu wa mita kumi na mbili na upana wa mita nane. Eneo lake mita za mraba tisini na sita. Alitaka chini ya zege litandazwe tabaka la kokoto lenye unene wa robo mita. Tisini na sita mara robo ni ishirini na nne. Mita za ujazo ishirini na nne ni maboksi arobaini na manane. Akaandika kwenye karatasi: maboksi thelathini na mawili ya kokoto kubwa za ukubwa wa ngumi, na kumi na sita ya ndogo zinazolingana na punje za mahindi.

Mpaka siku hiyo kila mteja alichukua aina moja. Mama Kipimo akamuuliza hizi mbili za nini. Fundi mkuu akamweleza kwa upole, kama mwalimu anayempenda mwanafunzi anayeuliza. Zitachanganywa palepale jengoni, ndogo ziingie kwenye mianya ya kubwa, sakafu isije ikatitia mbele ya safari. Mama Kipimo akaitikia kwa kichwa. Lilikuwa jambo la akili.

Jumatatu wakapima. Gari lilikwenda safari nne, kila safari maboksi kumi na mawili. Jua lilikuwa kali, na katikati ya safari ya pili wifi wa Mama Kipimo alizua ubishi kwamba ubao umepita kwake kwa kona badala ya kunyooka, boksi lake limejazwa kuliko la jirani. Wakabishana, wakacheka, wakaendelea. Jioni bati lilikuwa na mistari arobaini na minane. Karani wa jengo akaweka saini, wakaenda nyumbani.

Jumatano asubuhi fundi mkuu alirudi na karani wake. Hakuketi alipokaribishwa. Kokoto zimechanganywa, alisema, zimetandazwa, na amepima unene mahali ishirini tofauti. Hakuna palipofika robo mita. Pote ni sentimita ishirini kasoro kidogo. Karani akafungua daftari akasoma: kilichopo sakafuni ni maboksi thelathini na manane.

Wanawake waliacha kugonga. Machimboni ukisikia nyundo zote zimenyamaza, ujue kuna msiba au kuna aibu.

"Maboksi kumi, mama," fundi mkuu alisema. "Kokoto hazina miguu."

Mama Kipimo akaleta bati. Fundi akalitazama, akasema chaki ni chaki, hata yeye anaweza kuchora mistari mia. Kisha akasema mbele ya wote kwamba hatamwita mtu mwizi, lakini mpaka ijulikane maboksi kumi yako wapi, boksi lishikwe na mwingine, na wavunjaji wayafidie, kila mmoja kwa sehemu yake. Akaondoka. Mmoja wa wanawake, aliyekuwa na mgongo mbovu na watoto watano, akalitazama rundo lake la mawe kama mtu aliyeambiwa aanze maisha upya.

Wakampa wifi wa Mama Kipimo boksi. Si kwa sababu walimwamini zaidi, bali alikuwa na sauti kubwa kuliko wote. Wifi akalipokea akasema, "Mimi sijui kupima, lakini najua kusema hapana." Watu wakacheka kidogo. Mama Kipimo hakucheka. Alikaa kwenye gunia lake la zamani, akashika nyundo, akagundua kwamba mkono umesahau uzito wake.

Kilichomtafuna si maneno ya fundi peke yake. Siku zote binti akichora mistari, yeye huhesabu kimoyomoyo nyuma yake. Hakuwahi kumwambia. Miaka minne hesabu ya chaki na hesabu ya moyo zilikutana kila jioni, naye akalala vizuri kwa sababu hiyo. Lakini Jumatatu, wifi alipozua ubishi wake wa kona, hesabu ya moyo ilimponyoka kwenye kumi na tisa au ishirini, hakuipata tena. Siku aliyoihitaji ndiyo siku iliyomkimbia. Kwa hiyo alipoulizwa kama anaapa ni arobaini na nane, ulimi wake ulisita, na watu wakaona umesita.

Akaanza kutafuta. Mchana ule ule alikwenda kwenye jengo na kamba yake ya mafundo, yenye fundo kila baada ya mita moja, akaomba ruhusa kwa mlinzi, akapima sakafu yeye mwenyewe. Pengine sakafu ni kubwa kuliko walivyosema, alijiambia. Kitambaa kile kile kikitandikwa kwenye kitanda kipana zaidi, hakifiki. Mafundo kumi na mawili huku, manane kule. Akapima pia kutoka kona hadi kona pande zote mbili, asije akawa amedanganywa na chumba kilichokaa upande. Zililingana. Akafukua kokoto mahali patatu, akachimba kwa kijiti kutafuta kama ardhi imebonyea ikazimeza. Ilikuwa ngumu kama meza.

Akarudi kwa miguu akiikagua njia yote ambayo gari lilipita, macho chini, kama mtu aliyedondosha hereni. Alipata kokoto saba. Akaziokota, hakujua kwa nini, akazitia mfukoni.

Asubuhi akalipima boksi. Mbao huchakaa, kona hulegea, na boksi lililolegea hutanuka. Lakini likitanuka hubeba zaidi, si pungufu. Akalipima hivyo hivyo. Mita kwa mita kwa nusu mita. Wifi yake alimwangalia akizunguka na kamba akasema, "Wifi, ukimaliza hilo unipime na mimi kiuno, labda nimekula boksi mbili." Akatabasamu kwa heshima ya udugu tu.

Sakafu sawa, njia sawa, boksi sawa. Alibaki mtu mmoja ambaye hakuwa amepimwa.

Alimsubiri binti aanike nguo, barazani palepale mlangoni. Alikuwa amejiandaa kuuliza kwa upole, lakini wasiwasi ukikaa siku mbili tumboni hautoki kwa upole. Akamuuliza kama Jumatatu alikuwa anachora mistari au alikuwa anachezea simu. Binti akasema alichora kila boksi lililonyanyuliwa. Mama akauliza tena, na tena, kila mara kwa mlango tofauti: je, ulikwenda kunywa maji, je, ulizungumza na dereva, je, ulichora kwanza halafu boksi likafuata. Binti alijibu matatu ya kwanza. La nne hakulijibu. Alishika kanga mbichi mkononi, maji yakimchuruzika kwenye miguu.

"Umeiuliza njia," alisema. "Umeiuliza sakafu, umeliuliza boksi. Mimi hukuniuliza, mama. Umenihukumu."

Akaanika ile kanga, akainyoosha vizuri, akaingia ndani akachukua mfuko wake akaenda kwa shangazi. Ni nyumba tatu tu. Mama Kipimo alimhesabia hatua mpaka akaingia, kisha akaona haya kwamba amehesabu.

Ijumaa hakwenda kuvunja mawe. Alikaa nyumbani akapanga vitu ambavyo havikuhitaji kupangwa. Alishusha makopo ya jikoni akayafuta vumbi, akajaza kopo kubwa maharage mpaka mdomoni, akalisawazisha kwa kiganja kama alivyosawazisha boksi. Halafu akachukua mfuko wa mchele atie kwenye kopo lake. Mkono ulikuwa jikoni, akili ilikuwa jengoni. Alikuwa amekwisha kumimina kikombe kizima ndipo akaona anamimina juu ya maharage.

Alikasirika kama mtu yeyote ambaye sasa ana kazi ya kuchambua mchele kwenye maharage. Akalishika kopo alitikise, aone ni kiasi gani kimeharibika. Mchele ukazama. Akatikisa tena, ukazama zaidi. Alipoinua macho kutazama mezani na sakafuni, hapakuwa na punje iliyomwagika. Kopo lilikuwa limejaa kabla, na kikombe kizima kimeingia, na kopo bado limejaa vile vile.

Akaketi.

Baada ya muda akainuka, akachukua kikombe kimoja akakifanya ndiyo boksi lake. Vikombe viwili vya maharage akavimimina kwenye sufuria. Kikombe kimoja cha mchele juu yake. Akachanganya kwa mkono, polepole, kama vibarua wa jengo wanavyochanganya kwa beleshi. Kisha akavipima upya, akisawazisha kila kikombe kwa mgongo wa kisu. Kimoja. Viwili. Na kilichobaki hakikufika hata nusu ya kikombe cha tatu. Alirudia mara nne. Alibadilisha kikombe, akatumia bilauri. Majibu yalikuwa yale yale, na kila alipoyapata moyo ulimwenda mbio kwa furaha na kwa kitu kingine kibaya zaidi, kwa sababu kila kikombe kilichokuwa kikimsafisha yeye kilikuwa kinamsafisha na binti.

Maboksi kumi hayakuibwa, hayakudondoka, hayakusahauliwa. Yalikuwa ndani ya yale mengine. Fundi mkuu aliagiza ndogo ziingie kwenye mianya ya kubwa, zikamtii. Kisha akazihesabu kana kwamba zimekaa nje.

Sasa likaja la kumwambia. Mama Kipimo alilifikiria hilo muda mrefu kuliko alivyofikiria maharage. Mwanamke wa darasa la tano kumwambia fundi mkuu mbele ya vibarua wake kwamba hesabu yake imekosea ni kama kumvua mtu kofia sokoni. Atasema hapana hata kabla ya kusikia, na akishasema hapana mbele ya watu hatairudisha. Kumwandikia karatasi hakuweza. Kumtuma mtu, neno likifika litakuwa limegeuka. Akaamua atakwenda alfajiri, kabla ya vibarua, na hatasema neno lolote ambalo ndoo haiwezi kulisema.

Jumamosi alimkuta fundi mkuu anapiga mswaki kando ya tangi la maji. Karani alikuwa anafungua stoo. Mama Kipimo akasalimu, akauliza hali ya nyumbani, akajibiwa kwa povu. Akasema anaomba ndoo tatu na dakika kumi.

Fundi alimtazama kama anayetaka kukataa lakini hapati sababu. Akazileta mwenyewe. Pembeni mwa jengo yalibaki mafungu madogo ya kokoto ambazo hazikuchanganywa. Mama Kipimo akajaza ndoo mbili za kubwa, akazisawazisha kwa ubao. Akajaza ndoo moja ya ndogo, akaisawazisha. Akamuuliza ni ndoo ngapi. Fundi akasema tatu, na uso wake ukaonyesha kwamba subira yake nayo ina kipimo. Mama Kipimo akazimwaga zote juu ya turubai, akachanganya kwa beleshi, akageuza mara tatu kama vibarua wanavyofanya, kisha akaanza kuzirudisha ndooni.

Ndoo ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ikakomea chini ya nusu, na turubai likabaki tupu.

Fundi mkuu akatazama chini ya turubai. Akatazama nyuma ya tangi. Karani alikuwa amesogea, na fundi akamtuma aende akahesabu mifuko ya saruji, ingawa ilihesabiwa jana.

"Rudia," alisema.

Akarudia. Mara hii fundi alijaza mwenyewe, akasawazisha mwenyewe, akachanganya mwenyewe. Alipofika ndoo ya tatu akatoa tepu, akapima kina cha kilichomo, akaandika kwa penseli kwenye ukuta. Akazidisha. Akakata. Akazidisha tena. Thelathini na mbili na kumi na sita, kwa mwendo ule, zilizaa thelathini na nane. Akairudisha penseli sikioni.

"Mimi ndiye niliyesema ndogo ziingie kwenye mianya," alisema mwishowe.

"Ulisema, fundi," alijibu Mama Kipimo. "Zimeingia."

Ikamtoka pumzi kama ya kicheko. Akatoa karatasi akaandika kwamba mpimaji aendelee na kazi yake, na wavunjaji hawadaiwi kitu. Sakafu ikihitaji kuongezwa, ataagiza upya kama oda nyingine. Akamkabidhi. Mama Kipimo akaikunja mara mbili, akaishika, hakuondoka. Fundi akauliza kama kuna lingine.

Alikuwa amelala na sentensi hiyo kwa usiku mzima. "Ulisema mbele ya watu, fundi. Hii karatasi nitawasomea mimi, na mimi ndiye ninayetuhumiwa."

Fundi mkuu akatazama jengo, akatazama saa. Mama Kipimo aliona mambo mawili yakipigana usoni pake, na kwa mara ya kwanza maishani hakujaribu kumsaidia mtu aamue. Akasimama tu. Mwisho fundi akauliza kitu ambacho Mama Kipimo hakukitegemea: kama sakafu imepungukiwa maboksi kumi, aagize mangapi. Alikuwa ameanza kusema kumi, akajikamata. Wakapiga hesabu pamoja pale ukutani, yeye kwa penseli na mama kwa vidole. Ilifika kumi na mawili na zaidi kidogo. Wakasema kumi na matatu: tisa ya kubwa, manne ya ndogo.

Wakaenda pamoja. Machimboni fundi mkuu alisema alichokuja kusema kama mtu anayejichomoa mwiba, haraka na bila kutazama upande. Alisema maboksi arobaini na manane yalifika yote. Alisema hesabu iliyokosea ni yake, na mpimaji wao ndiye aliyemwonyesha. Hakuomba radhi kwa neno hilo lenyewe, lakini kofia aliivua. Yule mwenye mgongo mbovu akamshukuru Mungu kwa sauti, akaanza kugonga, na wengine wakafuata.

Wifi yake akaleta boksi akaliweka mbele ya Mama Kipimo. Akasema siku nne zimemtosha, amechukiwa na kila mtu, hata na mbao zenyewe. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti yake, jambo ambalo halikuzoeleka.

"Mtoto yuko pale nyuma ya gari. Mimi nimemlisha, wewe ukaseme."

Binti alikuwa ameegemea tairi. Mama Kipimo alimsimulia kuhusu maharage na mchele, na ndoo, na ukuta, akasimulia kwa urefu, mpaka akaona kwamba anasimulia ili asifike mwisho. Akaikatisha hadithi. Kisha akasema kwamba alimkosea, na kwamba hata kama ndoo zingesema vingine bado angekuwa amemkosea, kwa sababu alimhukumu kabla ndoo hazijasema lolote.

Binti alichokonoa matope kwenye tairi kwa kijiti. Akasema watu wote wanajua.

"Wanajua nini?"

"Midomo yako, mama. Nikichora, inacheza. Miaka minne nachora huku nakuona unanihesabu. Dereva huniuliza kama mama yako anasali."

Mama Kipimo akaweka kiganja mdomoni kana kwamba bado inacheza. Alitaka kusema kwamba si kwa kutomwamini. Alitaka kusema kwamba hata mlango hauamini, hata kopo. Lakini aliyatazama maneno hayo akaona yote ni utetezi, akayaacha. Akamwomba achore yale kumi na matatu. Binti akakubali kwa sharti moja, na sharti lenyewe hakulisema, aligusa tu mdomo wake kwa chaki.

Gari lilisogea. Wakaanza na kokoto kubwa. Boksi likajazwa, ubao ukapita, wakanyanyua yeye na wifi, mabeleshi yakaingia. Chaki ikalia kwenye bati. Mama Kipimo alibana midomo kama mtu anayebeba sindano kati ya meno. Alijaribu kufikiria mambo mengine. Alimfikiria mwanawe mkubwa, akafikiria paa linalovuja, akaimba moyoni. Lakini hesabu haikuwa ikiketi midomoni peke yake. Ilikuja yenyewe, kutoka mikononi, kutoka kwenye mgongo unaoinama na kuinuka. Tano. Sita. Saba.

Yalipokwisha maboksi ya kubwa, binti akasema tisa.

Mikono ya Mama Kipimo ilikuwa imehesabu manane.

Ubao ukasimama hewani. Garini kokoto zilikuwa zimelala rundo moja, hazisemi. Boksi moja katika sakafu ya watu si kitu kidogo, na jina lake lilikuwa limerudi kwa saa mbili tu. Wifi, ameshika upande wake, alimtazama. Binti naye alimtazama, chaki mkononi, hakujitetea. Alisubiri tu aone mama yake atafanya nini.

Huenda mikono ilikosea. Ilishakosea siku moja katikati ya ubishi, na leo ilikuwa imeimba, imefikiria paa, imehama kwenda kwa mwana na kurudi. Au huenda chaki ndiyo iliyokosea. Hakuwa na ndoo ya kupimia hilo.

"Lete ndogo," aliwaambia wajazaji.

Wakamwaga makarai. Akapitisha ubao kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, akajaza kona moja iliyobonyea, akashika mkono wa boksi, akainama.

"Kumi," binti alisema, na chaki ikakata.